Daktari na Mbwa wa Dundori

Watu wa Nakuru waliowahi kupeleka mbwa kwake humsifu mpaka leo. Nikiwa dukani kwangu Kiamunyi, mteja akisikia kwamba nilifanya kazi kwa Daktari miaka saba, uso wake hufunguka kama mtu aliyekutana na jamaa. "Yule alikuwa daktari," wananiambia. "Siku hizi hakuna kama yeye." Mimi huitikia kwa kichwa na kuendelea kupima dawa ya kuku. Sibishani na mteja. Lakini yule mzee simpendi, sikumpenda wakati ule, na nikiandika haya si kwamba hasira imepoa.

Jina lake silitaji. Yeye hakuwahi kulitaja langu. Aliniita "msichana". Niliingia kwake nikiwa na miaka ishirini na sita, nikatoka nikiwa mama wa watoto wawili, na siku ya kutoka bado nilikuwa msichana.

Kliniki yake ilikuwa nyumba ya zamani ya kupanga, pale chini ya Milimani, mtaa wa matajiri. Jikoni ndiko kulikokuwa maabara yangu: sinki, meza ya mbao, hadubini moja karibu na dirisha, na chupa za rangi zilizonichafua vidole mpaka mama mkwe akaniuliza kama nafanya kazi ya kupaka ukuta. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa damu ya mbwa, kuipaka kwenye kioo, kuitia rangi na kuiangalia. Na kila siku, karibu kila siku, ilikuwa homa ya kupe. Kupe akimng'ata mbwa humwachia vijidudu vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mbwa anaacha kula, mwili unachemka, fizi zinapauka kama karatasi, mkojo unageuka rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Ukimuwahi, sindano moja au mbili, anaamka na kutikisa mkia. Ukichelewa, unatafuta jembe.

Ni yeye aliyenifundisha kuviona vijidudu hivyo, na hilo siwezi kumnyang'anya. Chuo kilikuwa kimenifundisha majina tu. Wiki ya kwanza aliniwekea mezani slaidi kumi, vioo vyenye damu iliyotiwa rangi, akasema nimwonyeshe ni ipi yenye ugonjwa. Nilihangaika asubuhi nzima, nikamwonyesha moja.

"Zote," akasema. "Zote zina ugonjwa. Sijui mlikuwa mkifanya nini huko chuoni."

Kisha akavuta kiti akakaa kando yangu mpaka saa ya chakula ikapita. "Usiangalie katikati, msichana. Katikati damu imerundikana kama watu sokoni. Nenda ukingoni, pale ilipoishia kwa wembamba. Pale kila chembe imesimama peke yake, haina pa kumficha mgeni." Nikaenda ukingoni. Nikaviona: viwili viwili, vimeungana kwenye ncha kama mbegu mbili za tikiti. Nilipiga kelele ya furaha. Yeye alikuwa ameshainuka, yuko sinki ananawa mikono, na aliniambia nipunguze kelele, kuna wagonjwa.

Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu wa magari. Akisikia gari kubwa limeingia, alitoka mwenyewe mpaka nje, akafungua mlango wa nyuma, akainama. "Karibu, mama. Mgonjwa wetu ameamkaje?" Ungedhani ni padri amefika hospitalini. Sauti ya pili ilikuwa ya waliokuja kwa miguu. Mara nyingi walikuwa masoja, walinzi wa mageti ya Milimani, wametumwa wamlete mbwa wa tajiri kwa kamba.

"Mwenye mbwa yuko wapi?"

"Ni mimi nimemleta, Daktari."

"Sikuuliza nani amemleta."

Halafu anapiga simu kwa tajiri kumuuliza mbwa ameacha kula tangu lini. Tajiri hajui, tajiri yuko Nairobi. Na soja ambaye ndiye hupika ugali wa huyo mbwa amesimama pale pale, kofia mkononi, anajua siku na anajua saa. Nilizoea kumfuata soja nje, nikamuuliza polepole, nikaandika kwenye kadi. Daktari alisoma kadi, akatumia yaliyoandikwa, na hakuniuliza hata mara moja nimeyatoa wapi.

Lakini usidhani aliwalamba matajiri viatu. Huyo ndiye mtu aliyemwambia bwana mmoja mwenye suti, mbele ya mkewe, "Huyu mbwa ameliwa na kupe wiki nzima, na nyinyi mnapita tu mkimwambia gudi boi." Bwana yule alicheka, na mwezi uliofuata akaleta marafiki wawili. Nimegundua kwamba wenye nacho hupenda kugombezwa na mtu waliyemchagua wenyewe. Daktari alilijua hilo kabla yangu. "Kupe hasomi kibao cha geti," alipenda kuwaambia, nao wakayarudia maneno hayo kwenye sherehe zao kama methali.

Usemi wake mwingine ulikuwa, "Mbwa hadanganyi, mwenye mbwa ndiye anadanganya." Huo aliutumia kila siku. Mtu akisema mbwa amekula vizuri jana, Daktari anageukia ukuta na kusema mbwa hadanganyi. Akisema amenyunyiza dawa ya kupe mwezi huu, mbwa hadanganyi. Sikuwahi kusikia akiuliza kama daktari naye anaweza kudanganya.

Alichukia manukato, redio, na watu wanaokunywa chai huku wamesimama. Saa nne alikula mahindi ya kuchemsha, punje moja moja, akizipanga kwenye kitambaa. Kama ulimkatiza wakati huo, siku nzima ilikuwa imeharibika. Nimeona dada mmoja wa usafi akifukuzwa kwa kufagia chini ya kiti chake akiwa anakula. Alifukuzwa kwa sauti ya chini, bila tusi, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Mtu anayepiga kelele huchoka. Daktari hakuwa mtu wa kuchoka.

Na mtu huyo huyo, mbwa akifika hali ya kutopona, alishuka akakaa sakafuni. Alivua koti, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha mbwa, awe wa tajiri au wa kuokotwa barabarani, akakaa naye mpaka mwisho akimkuna nyuma ya sikio. Siku moja tulipata mbwa aliyegongwa na lori, hana mwenyewe, hana hata kamba shingoni. Wateja walingoja. Mmoja alinung'unika, Daktari akamwambia kutoka pale chini, "Wewe utakufa hospitalini na watu watakuzunguka. Acha huyu naye awe na mtu." Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikajikasirikia kwa kulia.

Jumamosi nyingi alipakia dawa za chanjo kwenye gari lake, akapanda vijijini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, bila mtu kumtuma. Nilikwenda naye mara kadhaa. Njiani hakuongea. Mara moja tu, tukiwa tumekwama kwenye matope, aliniambia kwamba alipokuwa bado kijana alimwona mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. "Alikuwa anaogopa kikombe," akasema. "Kikombe cha maji, msichana. Mama yake amekishika, anamwambia kunywa, na mtoto anapiga mayowe." Kisha akashuka akaenda kutafuta mawe ya kuweka chini ya tairi. Nasimulia hili kwa sababu ni haki yake. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini hofu ni kitu kimoja, na alichofanya siku nitakayoieleza ni kingine.

Baba yangu alipofariki, Daktari alinipa siku moja. Moja. Baba alikuwa amefanya kazi reli maisha yake yote, na kabla ya kumsafirisha magharibi tulimuaga kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli alizoishi, watu wamejaa mpaka uani. Katikati ya maombi nilimwona Daktari amekaa benchi ya nyuma kabisa, koti limekunjwa mapajani. Hakumsalimia mtu. Hakunisalimia mimi. Wimbo wa mwisho ulipoanza alikuwa ameshaondoka. Niliporudi kazini baada ya siku nne badala ya moja, alinikata mshahara wa siku tatu. Mpaka leo sijui nimshukuru kwa kuja au nimtukane kwa zile siku, na hilo nalo ni jambo jingine ninalomchukia kwalo. Angalau angekuwa mbaya moja kwa moja.

Sasa nije kwa Mama Wambui.

Alifika mchana mmoja kwa pikapu ya viazi kutoka Dundori. Mwanamke wa makamo, sweta mbili, buti zenye udongo mweusi wa kule juu. Mbwa alikuwa ndani ya gunia, kichwa tu nje, na alimbeba kifuani kama mtoto.

"Sasa dada. Huyu anaitwa Jeki. Hajakula tangu juzi. Jana alikojoa kitu kama strungi."

"Ana kupe?"

"Kupe ni wengi. Ng'ombe ndiyo tunaosha. Mbwa, nani anamwosha?"

Nilimlaza Jeki kwenye meza ya nje, barazani. Alikuwa mlegevu, fizi zimepauka na umanjano umeingia. Nilimchoma ncha ya sikio, nikachukua tone, nikalipaka kwenye kioo, nikakiweka dirishani kikauke. Yote hayo hayakuchukua muda. Nilikuwa nimegeuka kuchukua kadi nilipomsikia mama akisema, "Jeki! Jeki, nini?"

Mbwa alikuwa amekakamaa. Miguu inapiga hewa, macho yamepinduka, povu linatoka. Mama Wambui alimkumbatia asianguke mezani, na Jeki, bila kujua anachouma, akamuuma kati ya kidole gumba na cha shahada. Mama akapiga ukelele.

Daktari alikuwa chumba cha ndani na mke na mume wa Milimani, na mbwa wao wa Kijerumani. Alitoka, akasimama mlangoni, akatazama. Hakukaribia.

"Rudini nyuma wote," akasema. "Kichaa."

Wale wa Milimani walirudi ndani wakafunga mlango, kisha wakachungulia dirishani. Mimi nilimvuta Mama Wambui mpaka sinki yangu, nikaufungua mfereji, nikaosha kidonda kwa sabuni muda mrefu, kama Daktari mwenyewe alivyonifundisha. Na kwa sababu slaidi ilikuwa pale dirishani, imekauka, niliitia rangi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mkono wa mama chini ya maji. Nilipomfunga kitambaa, slaidi ilikuwa tayari. Niliiweka chini ya hadubini. Nikaenda ukingoni.

Sijawahi kuona damu iliyojaa namna ile. Karibu kila chembe ilikuwa na wageni wake, viwili viwili. Na nilijua, kwa sababu ni Daktari aliyenifundisha, kwamba homa ya kupe ikizidi hupanda kichwani, na mbwa huyumba kama mlevi, hukakamaa, huuma, mpaka mtu adhani ni kichaa.

Nilitoka mbio. Mama Wambui akanifuata, ameshika mkono wake. Daktari alikuwa ameshamnasa Jeki shingoni kwa kile kitanzi chetu cha mti mrefu, na sindano ya kulaza moja kwa moja iko mkononi.

"Daktari, njoo uone slaidi. Ukingo umejaa. Ni kupe, imepanda kichwani."

"Nani amekuuliza?"

"Tumfungie kule nyuma kwenye kizimba. Tumpige sindano ya kupe, tungoje. Mama ataenda hospitalini hata hivyo."

Aliangalia dirisha, walikokuwa wale wa Milimani. Kisha akaniangalia mimi.

"Nimekuajiri kupaka slaidi, msichana. Kufikiri nafanya mimi." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mbwa anaweza kuwa na kupe na awe na kichaa pia."

Hilo la mwisho ni kweli. Kama angeishia hapo, akamfungia Jeki kizimbani na kungoja zile siku kumi za kumchunguza mbwa aliyeuma mtu, nisingekuwa na la kuandika. Hata kama angeamua kumwua papo hapo, kulikuwa na njia ya kupeleka kichwa kwenye maabara ya serikali kipimwe, ijulikane. Hakufanya hili wala lile. Neno lilikuwa limemtoka mbele ya watu, na yeye si mtu wa kulirudisha neno mdomoni. Alimpiga Jeki sindano. Safari hii hakukaa sakafuni. Aliagiza achomwe moto nyuma ya nyumba pamoja na gunia lake.

"Nenda hospitalini leo leo, mama," akamwambia Mama Wambui. "Umalize sindano zote. Na uwaambie majirani. Mimi leo nimekuokoa maisha."

"Asante, Daktari," mama akasema. Alikuwa analia, na alikuwa anamshukuru.

Nilimsindikiza mpaka barabarani nikamtafutia pikipiki ya kumpeleka hospitalini. Niliporudi jikoni, slaidi haikuwa kwenye hadubini. Niliikuta ndani ya gilasi ya spiriti, imefutwa, inang'aa kama mpya. Daktari alikuwa anapita kwenye korido, analifunga koti lake.

"Hapa hakuna kitu cha kuangalia," akasema, akarudi kwa wale wa Milimani.

Niliamini, na niliendelea kuamini kwa miaka, kwamba aliifuta bila kuitazama. Kwamba kiburi chake kilikuwa kikubwa kiasi kwamba hakuweza kuinamia jicho la hadubini iliyowekwa na mimi.

Neno "kichaa" lilipanda Dundori kabla Mama Wambui hajamaliza sindano. Majirani walikuja na marungu wakawaua mbwa wake wawili waliobaki, na mbwa wa maboma matatu ya jirani. Hilo hakulilalamikia, alisema hata yeye angeogopa. Lakini Jeki alikuwa akilala kwenye zizi na ng'ombe, na mtu mmoja akasema maziwa ya pale si ya kunywa. Mtu mmoja tu. Wiki iliyofuata anayekusanya maziwa alipita geti lake bila kusimama. Akipeleka kwenye vibanda wanakataa. Akiwapa watoto wa jirani bure, mama zao wanamwaga. Mwishowe alimwuza ng'ombe aliyekuwa akisomesha watoto wake kwa mtu wa mbali asiyeijua habari, kwa bei ya kutupa.

Haya aliniambia mwenyewe, aliporudi kliniki baada ya kama miezi miwili. Kidonda kilikuwa kimepona, kimeacha alama. Alisimama mlangoni pa jikoni, hakutaka kuingia na buti zake.

"Dada, siku ile nilisikia ukisema ni kupe."

Niliendelea kuosha vioo kwenye sinki.

"Sitaki kugombana na mtu. Nataka karatasi tu. Nimpelekee chifu, nimpelekee na yule wa maziwa. Karatasi iseme Jeki alikuwa na kupe. Wewe uliona kwa ile mashine, sindiyo?"

Mlango wa ofisi ya Daktari ulikuwa wazi. Nilimwona akiandika, nikaona kalamu imesimama. Hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja, kama mimi nilivyokuwa nangoja, kusikia nitasema nini. Mtoto wangu wa pili alikuwa hajatembea bado. Mume wangu alikuwa amesimamishwa kazi kiwandani. Haya si ya kujitetea, nayasema yajulikane tu.

"Sijui, mama," nikasema. "Slaidi haikuwa wazi."

"Haya," akasema. "Asante, dada."

Alipotoka geti, kalamu ya Daktari ilianza kutembea tena. Jioni, nikiwa naondoka, aliniita. "Msichana. Kesho unaweza kuja saa tatu."

Kwa miaka yote niliingia saa mbili kamili. Huo ndio ulikuwa ujira wangu, saa moja ya usingizi. Na kesho yake nilikwenda saa tatu.

Nilikaa pale mwaka mmoja zaidi, kisha nikafungua duka langu la dawa za mifugo Kiamunyi, na hadubini ndogo kwenye kona. Nilisikia Daktari amestaafu, kwamba waliokuwa wateja wake walimfanyia karamu, kwamba watu walisimama mmoja mmoja kueleza alivyowaokolea mbwa. Sikualikwa. Ningealikwa ningekwenda, ningekaa benchi ya nyuma na kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho, kwa sababu mimi pia ni mtu wa namna hiyo.

Mwaka jana, mvua ndefu zilipoisha na kupe wakaanza kujaa kwenye nyasi, aliingia dukani kwangu. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo, ameletwa na bintiye anayeishi karibu, ambaye alibaki kwenye gari akiongea na simu. Alipanga foleni kama wengine.

"Dawa ya kupe," akasema. "Ya kuogeshea."

Nikampa. Alisoma chupa upande wote, kisha akanyoosha fimbo kuelekea rafu yangu ya juu. "Zile sindano umeziweka kwenye jua. Unauza maji."

Hakuna salamu, hakuna habari ya siku nyingi. Na alikuwa amesema kweli, nilizihamisha jioni ile.

Kabla sijamrudishia chenji, aliingia kijana mmoja wa mtaani akitweta. "Mathe, niaje. Mbwa wetu anatembea kama amelewa, halafu anaanguka anatoa povu. Budangu anasema ni kichaa, anataka wamwue."

"Ameuma mtu?"

"Hapana."

"Mfungieni mahali pa peke yake, mtu asimguse, na mwambie baba yako asimwue. Mkojo wake umeuona?"

"Ni kama damu hivi."

"Nakuja sasa hivi. Inaweza kuwa kichaa, inaweza kuwa kupe. Tutaangalia kwanza."

Kijana akatoka mbio. Nilianza kufunga begi langu. Daktari hakuondoka. Alisimama na chupa yake mkononi, akiangalia ile hadubini kwenye kona.

"Yule wa Dundori," akasema. "Vilikuwa vingi."

Mikono yangu ilisimama. "Nini vilikuwa vingi?"

"Ukingoni. Sijawahi kuona vingi namna ile."

"Uliangalia?"

"Niliangalia kabla sijafuta."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma kadi ya mgonjwa. Miaka yote nilikuwa nimemchukia kwa kukataa kutazama. Kumbe alikuwa ameinama, ametazama vizuri, ameona nilichoona, ndipo akachukua spiriti.

"Yule mama yuko hai," nikamwambia. "Bado yuko kule kule, wateja wa Dundori huniambia. Nitafunga duka, nitakupeleka mimi mwenyewe. Ukamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ulichoniambia sasa."

Alitikisa kichwa. "Mtu hajengi jina miaka arobaini aje alibomoe kwa sababu ya mbwa mmoja."

"Si mbwa, Daktari. Ng'ombe wake. Watoto wake."

"Ameshasahau. Watu wa shamba husahau." Akaweka chupa mfukoni mwa koti. "Na wewe, msichana, ulikuwepo. Alikuuliza wewe, hakuniuliza mimi."

Akatoka. Nilimwona bintiye akimshika kiwiko, akimfungia mkanda wa gari kama mtoto. Wala hakugeuka. Nilikwenda kwa yule kijana, na mbwa wake alikuwa na homa ya kupe, na alipona, lakini sikufurahi kama ninavyofurahi siku nyingine.

Asubuhi yake niliandika barua. Niliandika kwamba mimi, mpima damu, niliona kwa macho yangu vijidudu vya homa ya kupe katika damu ya mbwa aitwaye Jeki, na kwamba hakuna kipimo kilichowahi kuthibitisha kichaa. Nikapiga muhuri wa duka. Nikafunga duka nikapanda Dundori.

Mama Wambui alikuwa shambani anachimba viazi. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Alinitambua kabla sijasema jina. Alisimika jembe, akafuta mikono kwenye leso, akaisoma barua polepole, midomo ikifuata maneno. Akaisoma mara ya pili.

"Hii uliijua lini?"

"Siku ile ile, mama. Kabla Jeki hajafa."

"Na siku nilikuja kukuomba?"

"Nilijua."

Aliikunja barua mara mbili, akaitia kifuani. Alama ya meno bado ilionekana kwenye mkono, nyeupe.

"Yule mzee nilimjua tangu aliponiangalia kutoka mlangoni," akasema. "Sikutarajia kitu kwake, ndiyo maana sikumwomba. Wewe uliniosha mkono. Wewe ndiye nilikuamini."

Upepo wa kule juu ulikuwa baridi, na nilikuwa nimesahau sweta.

Alichukua jembe lake, akaonyesha nyumba kwa kidevu. "Chai iko jikoni, kwa chupa. Kunywa upate joto, halafu uende."

Nilikwenda jikoni kwake nikamimina kikombe. Ilikuwa strungi, haina tone la maziwa. Nikainywa yote nikiwa nimesimama, nikaosha kikombe, nikapita kando ya shamba kurudi barabarani. Alikuwa amenipa mgongo, anachimba.